Kushusha Sukari Si Sawa na Kutibu Kisukari

Kuna tunda liitwalo ackee, zao la mti ambao wanabotania huuita Blighia sapida, ambalo mtu akilila kabla halijaiva na kufunguka lenyewe mtini linaweza kumuua kwa kumshushia sukari ya damu. Katika miaka ya 1950 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Jamaika walitenga kemikali inayohusika, wakaiita hipoglisini baada ya kuona jinsi ilivyoporomosha sukari ya wanyama wa maabara. Kemikali hiyo huzuia seli za ini zisichome mafuta, na ini lisilochoma mafuta halipati nishati ya kutengeneza glukosi mpya, yaani sukari ya damu. Akiba ya sukari iliyomo mwilini ikishaisha, mgonjwa hutapika, hupoteza fahamu na, asipowahishiwa matibabu, hufa.

Naanza na tunda hilo kwa makusudi. Tuseme mtu asiyeijua historia hii ameandaa dondoo la ackee bichi (kemikali zilizovutwa kutoka kwenye tunda), akawanywesha panya wenye sukari nyingi, akapima sukari yao peke yake na kuandika matokeo. Grafu yake ingependeza sana, kwa kuwa mstari ungeshuka kila anapopima, na hitimisho lingesema kwamba mmea huu una uwezo mkubwa wa kutibu kisukari aina ya pili. Vipimo vyake visingekuwa na uongo wowote, na bado hitimisho lingekuwa la hatari. Sukari ya mnyama inaweza kushuka kwa sababu mwili wake umeanza kuiitikia insulini, homoni inayoziwezesha seli kuchukua sukari, lakini pia inaweza kushuka kwa sababu ini linaumia, au kwa sababu mnyama amekosa hamu ya kula, na kipimo cha sukari peke yake hakiwezi kutuambia lipi limetokea. Katika mjadala wote kuhusu dawa za mimea na kisukari, naona hilo ndilo linalosahauliwa mara nyingi zaidi.

Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika maabara ya kemia ya mimea, na mama yangu anaishi na kisukari aina ya pili, kwa hiyo suala hili kwangu ni kazi na ni wasiwasi wa nyumbani pia. Watu wanaojua ninachofanya huniuliza kuhusu karela, uwatu, mdalasini, mlonge, habasoda na mwarobaini. Wengine wameshaambiwa kwamba mitishamba yote ni upuuzi, wengine kwamba kitu kilichoota ardhini hakiwezi kumdhuru mtu. Kauli zote mbili nazikataa, na hapa nataka kueleza sababu kwa urefu ambao mazungumzo ya kupita hayaruhusu.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa wakiishi na kisukari, na zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa kisukari wana aina ya pili. Katika aina hii kongosho bado hutoa insulini, hasa katika miaka ya mwanzo, lakini misuli, ini na tishu za mafuta haviiitikii ipasavyo. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na seli beta zinazoizalisha hudhoofika na kupungua polepole. Ini, ambalo lilipaswa kuacha kumwaga glukosi baada ya mlo, huendelea kuimwaga. Kwa kuwa ugonjwa una sehemu nyingi hivi, zipo pia sehemu nyingi ambapo kemikali ya mmea inaweza kuingilia: kuchelewesha usagaji wa wanga tumboni, kulizuia ini, kuisaidia misuli kufyonza glukosi, kuliamsha kongosho, au kuziachia figo zitoe sukari kwenye mkojo. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 1995 yalitaja zaidi ya spishi 1,200 za mimea zilizotumika kwa ugonjwa huu katika sehemu mbalimbali za dunia. Idadi hiyo hunipa matumaini na hunitia shaka kwa pamoja, kwa sababu mimea 1,200 haiwezi yote kuwa dawa, na pia si rahisi yote iwe bure.

Mtu anaposoma kwamba "dondoo la mmea fulani" limeshusha sukari, ni vyema ajue dondoo hilo lilipatikanaje. Majani au magome hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa katika kiyeyushi (kimiminika kinachovuta kemikali za mmea), huchujwa, kisha kiyeyushi huvukizwa kwa joto dogo na shinikizo dogo hadi libaki tope zito la rangi ya kahawia au kijani kibichi. Kiyeyushi kilichotumika ndicho kinachoamua tope hilo lina nini. Maji huvuta tanini, chumvi na sukari tata za mmea. Heksani huvuta mafuta na nta. Ethanoli na methanoli huvuta vitu vingi vilivyo katikati. Kwa hiyo dondoo la maji na dondoo la methanoli la jani lilelile ni vitu viwili tofauti, na anayesoma utafiti wa methanoli kisha akachemsha majani nyumbani hajanywa kilichopimwa. Ongeza hapo tofauti za udongo, msimu, umri wa mmea na muda wa kuhifadhi, na utaona kwa nini maabara mbili zinaweza kutumia jina moja la mmea na kupata majibu yasiyofanana, hali kila moja imefanya kazi yake kwa uaminifu.

Hatua ya kwanza ya upimaji kwa kawaida hufanyika ndani ya vijaribio, ambamo dondoo huchanganywa na kimeng'enya kama alfa-glukosidasi, kile kinachokatakata wanga kwenye utumbo, ili kuona kama kitazuiwa. Madondoo mengi sana hukizuia. Tatizo ni kwamba tanini hushikamana na karibu kila protini inayokutana nayo, na kipo kizazi kizima cha kemikali za mimea, zikiwemo kwasetini na kukumini, ambazo huvuruga vipimo vya aina hii bila kuwa na kazi mahususi yoyote. Wanakemia wa dawa walilieleza tatizo hilo kwa mapana mwaka 2010, walipochapisha orodha ya maumbo ya kemikali ambayo hutoa majibu ya udanganyifu katika majaribio mengi. Binafsi, nikisoma makala ambayo ushahidi wake wote ni kuzuiwa kwa kimeng'enya ndani ya kijaribio, huihesabu kuwa fununu tu.

Hatua ya pili ni panya, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo matumaini mengi ya uongo yanapozaliwa. Kwa miongo mingi watafiti wametumia kemikali mbili kuwapa panya kisukari: aloksani, ambayo uwezo wake wa kuharibu kongosho uligunduliwa mwaka 1943, na streptozotosini, iliyofuata mwaka 1963. Zote mbili huua seli beta. Panya aliyeuawa seli beta zake hana insulini ya kutosha, kwa hiyo anafanana zaidi na mgonjwa wa aina ya kwanza kuliko mgonjwa wa aina ya pili mwenye insulini isiyoitikiwa. Kuna baya zaidi. Aloksani hufanya uharibifu wake kwa kuzalisha oksijeni kali ndani ya seli beta, na madondoo mengi ya mimea yana kemikali zinazozima oksijeni kali hizo. Mtafiti akimpa panya dondoo kabla ya aloksani na kuona sukari haikupanda, huenda alichogundua ni kinga dhidi ya sumu ya aloksani, na hakuna mgonjwa yeyote wa aina ya pili aliyeugua kwa kumeza aloksani. Watafiti makini siku hizi huwalisha panya mafuta mengi kwa wiki kadhaa hadi miili yao iwe sugu kwa insulini, kisha huwapa streptozotosini kidogo tu, au hutumia panya waliozaliwa na kasoro ya kurithi inayoleta unene na sukari. Ni njia ghali na ndefu, na naona haipaswi tena kuwa hiari.

Kisha kuna suala la kipimo. Dozi ya miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito ni ya kawaida sana katika tafiti za panya. Kwa kanuni inayotumika kubadilisha dozi ya panya mkubwa wa maabara kuwa ya binadamu, hugawanywa kwa 6.2, na hivyo kupatikana takriban miligramu 65 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 angehitaji gramu 4.5 za dondoo kavu kila siku. Iwapo gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za dondoo, hizo ni gramu 45 za majani makavu kwa siku, kila siku, kwa maisha yote. Hesabu hii inafanyika katika dakika moja, na natamani kila makala ya panya ingeiweka wazi mbele ya msomaji.

Pamoja na hayo yote, siwezi kuungana na wanaodharau mimea, kwa sababu historia ya tiba ya kisukari inawapinga. Metfomini, kidonge ambacho mamilioni ya wagonjwa huanza nacho, kina mzizi wake katika Galega officinalis, mmea wa jamii ya kunde uliotumika Ulaya tangu Enzi za Kati. Mmea wenyewe ni sumu kwa kondoo. Mwaka 1918 iligundulika kwamba kemikali iitwayo guanidini hushusha sukari ya wanyama, na galejini, kemikali ya ukoo huo iliyomo ndani ya Galega, ilijaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1920. Ilikuwa kali mno na muda wake wa kufanya kazi ulikuwa mfupi. Wakati huohuo, mwaka 1922, Emil Werner na James Bell walitengeneza metfomini mjini Dublin bila kuilenga kwa kisukari, na kwa kuwa insulini ilikuwa imeshagunduliwa mwaka 1921 na kuishangaza dunia, vidonge vikasahaulika. Daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyeirudia na kuchapisha matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Uingereza iliikubali mwaka 1958. Marekani ilisubiri hadi mwaka 1994, kwa sehemu kwa sababu ndugu yake, fenfomini, ilikuwa imeondolewa sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kusababisha asidi ya laktiki kujaa katika damu. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba wagonjwa wanene waliotibiwa kwa metfomini walipata madhara machache zaidi yatokanayo na kisukari na vifo vichache zaidi kuliko waliopewa ushauri wa lishe peke yake.

Katika simulizi hiyo, mara nyingi watu huchukua sehemu moja tu: dawa ilitoka kwenye mmea, basi mimea ni dawa. Mimi huangalia miaka iliyopita kati ya galejini na metfomini, na madhara ya fenfomini, ambayo kikemia iko karibu sana na metfomini. Badiliko dogo la umbo la kemikali lilitenganisha dawa salama na dawa iliyoua watu. Hakuna aliyeweza kulitambua hilo kwa kuonja jani, wala kwa kupima sukari ya asubuhi peke yake. Lilitambuliwa kwa kuwafuatilia wagonjwa wengi kwa miaka.

Simulizi ya pili haijulikani sana, nami naipenda zaidi. Mwaka 1835 wanakemia walitenga florizini kutoka kwenye gome la mtofaa, mti wa matofaa tunayoyala. Kwa kuwa ilikuwa chungu, walidhani ingefaa kwa homa. Mwaka 1886 Joseph von Mering aliwapa mbwa florizini na kuona sukari nyingi ikitoka kwenye mikojo yao. Miaka mitatu baadaye yeye na Oskar Minkowski walithibitisha kwamba mbwa aliyeondolewa kongosho hupata kisukari, ugunduzi uliofungua njia ya insulini. Florizini ilibaki chombo cha maabara kwa karibu karne nzima. Baadaye ilieleweka kwamba figo huchuja takriban gramu 180 za glukosi kwa siku na kuirudisha karibu yote kwenye damu kupitia protini za kusafirisha, hasa ile iitwayo SGLT2, na kwamba florizini huziba milango hiyo. Mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba panya wenye kisukari waliopewa florizini hawakushuka sukari tu, bali miili yao ilianza tena kuiitikia insulini.

Hata hivyo hakuna aliyekuwa tayari kuwapa wagonjwa gome la mtofaa. Florizini ikimezwa huvunjwavunjwa tumboni, na kinachosalia huziba pia SGLT1, mlango wa sukari wa utumbo, na kuleta kuhara. Wanakemia walibadilisha kiungo kimoja cha kemikali ili vimeng'enya vya tumbo visiweze kuikata, wakapunguza kazi yake kwenye utumbo, na hapo zikapatikana dapagliflozini, kanagliflozini na empagliflozini, zilizoanza kuidhinishwa kati ya mwaka 2012 na 2014. Mwaka 2015 utafiti wa zaidi ya wagonjwa 7,000 wenye kisukari na magonjwa ya moyo ulionyesha kwamba vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 38 kwa waliopewa empagliflozini, ikilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Sina mfano bora zaidi wa kile ambacho mmea unaweza kutoa pale mtu anapouliza swali gumu, yaani inafanyaje kazi, na kulivumilia hadi lijibiwe.

Upande wa binadamu, mmea wenye ushahidi unaonivutia zaidi ni ule unaotoa beberini, kemikali ya manjano iliyomo katika Coptis chinensis na katika aina mbalimbali za Berberis. Mwaka 2008 utafiti mdogo wa China uliwapa watu 36 waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari ama beberini miligramu 500 mara tatu kwa siku ama metfomini, kwa miezi mitatu. Katika kundi la beberini kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kilishuka kutoka asilimia 9.5 hadi 7.5, sawa na metfomini. Matokeo hayo yamesambazwa mno, ila ningependa watu wasome pamoja nayo utafiti wa mwaka 2020, uliofanywa China pia, wenye wagonjwa 409. Humo waliopata beberini walishuka kwa takriban pointi 0.99 za HbA1c katika wiki 12, na waliopata kidonge tupu walishuka kwa 0.59.

Namba hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa utulivu. Watu ambao hawakumeza dawa yoyote walishuka kwa zaidi ya nusu ya walivyoshuka waliomeza dawa. Mgonjwa aliyegunduliwa juzi hubadilisha mlo, huanza kutembea, huogopa. Na kwa kuwa mara nyingi mtu hupimwa pale hali yake inapokuwa mbaya zaidi, vipimo vinavyofuata huelekea kuwa nafuu vyenyewe. Kwa hiyo jirani anaposema kwamba alikunywa mmea fulani na sukari ikashuka, huenda anasema kweli tupu kuhusu kilichotokea, na bado hatuwezi kujua mmea ulichangia kiasi gani. Beberini ilipita mtihani huo: tofauti ya takriban pointi 0.4 ni ndogo kuliko inayosimuliwa, lakini ni halisi. Ina mashaka yake pia. Chini ya asilimia moja tu hufika kwenye damu, na sehemu ya kazi yake inaonekana kufanyika kwa bakteria wa utumbo. Huingilia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, kiasi cha kupandisha viwango vya baadhi ya dawa hizo katika damu. Tena haifai kwa wajawazito na watoto wachanga, kwa kuwa inaweza kuifungua bilirubini, taka ya manjano itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizovunjika, kutoka kwenye protini inayoibeba na kuiacha ifike kwenye ubongo wa mtoto.

Mdalasini una historia tofauti. Utafiti wa mwaka 2003 uliofanyika Pakistani kwa watu 60 ulionyesha kwamba gramu 1, 3 au 6 kwa siku kwa siku 40 zilishusha sukari ya kufunga kwa asilimia 18 hadi 29, na tangu hapo mdalasini umekuwa ukipendekezwa kila mahali. Siku 40 ni chache kwa ugonjwa huu. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, na HbA1c huhitaji miezi ili isomeke vizuri. Cochrane, taasisi inayochambua kwa pamoja tafiti za tiba, ilipokusanya tafiti 10 zenye washiriki 577 mwaka 2012, haikupata ushahidi wa kutosha wa kupendekeza mdalasini kwa kisukari. Mwaka huohuo taasisi hiyo ilifikia uamuzi kama huo kuhusu karela, kwa tafiti 4 zenye watu 479. Mdalasini wa kasia, ambao ndio mwingi masokoni duniani, una kumarini, ambayo kwa wingi huumiza ini. Mtu wa kilo 60 hufikia kiwango cha usalama kilichowekwa Ulaya kwa takriban gramu 2 tu za kasia kwa siku. Mdalasini wa Ceylon una kumarini kidogo sana, lakini unga uliosagwa haumwambii mnunuzi ni upi. Karela nayo ina visini, kemikali inayoweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayowahusu mamia ya mamilioni ya watu, wengi wao wakiwa hawajui.

Simaanishi kwamba mdalasini na karela vimethibitika kuwa bure. Ushahidi wa kutosha haujakusanywa, na sababu kubwa ni fedha. Mmea ambao kila mtu anaweza kuupanda haumpi mwekezaji haki ya kuumiliki, na utafiti wa wagonjwa mamia kadhaa kwa miezi sita hugharimu fedha nyingi. Kwa hiyo tunabaki na maelfu ya makala za panya, ambazo humpa mwanafunzi shahada, na tafiti chache mno za binadamu, ambazo ndizo zingemsaidia mgonjwa. Naamini fedha za umma zingetumika vizuri zaidi kuchukua mimea mitano yenye dalili nzuri na kuipima kikamilifu kuliko kuendelea kupima mimea mipya kwenye panya wa aloksani. Tafiti hizo za binadamu nazo zieleze dondoo lilivyotengenezwa, sehemu ya mmea iliyotumika na kiasi cha kemikali kuu ndani yake. Mwongozo wa kimataifa wa kuripoti tafiti za mitishamba umekuwapo tangu mwaka 2006, na bado mara kwa mara nasoma makala ambamo siwezi kujua wagonjwa walimeza nini hasa.

Mforosadi unaonyesha kwamba inawezekana. Majani na matawi yake yana DNJ, kemikali inayofanana na glukosi kwa umbo na inayozuia alfa-glukosidasi kwa kukaa mahali pa sukari. Kutokana na DNJ, wanakemia walitengeneza miglitoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996. China ilikwenda njia nyingine: badala ya kutengeneza kemikali mpya, ilisafisha alkaloidi za matawi ya mforosadi hadi zikawa kidonge chenye muundo unaojulikana, ikazilinganisha na akabosi, dawa ya zamani inayozuia kimeng'enya hichohicho, kwa wagonjwa 600 kwa wiki 24, ikaona zinashusha HbA1c kwa kiwango kinachokaribiana huku zikileta matatizo machache zaidi ya tumbo, na mwaka 2020 ikakiidhinisha kama dawa ya kisukari aina ya pili. Hilo ni dondoo la mmea kwa maana kamili, na limepewa heshima ya kupimwa kama dawa yoyote.

Kinyume chake ni vidonge vya "asili" vinavyofanya kazi haraka mno. Mwaka 2000 mamlaka za afya za California ziliwaonya watu dhidi ya vidonge vya mitishamba vya kisukari vilivyokutwa na glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, na fenfomini, ileile iliyokuwa imeondolewa sokoni zaidi ya miaka 20 kabla. Mwaka 2008 huko Singapore, watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa kushuka sukari vibaya baada ya kumeza bidhaa, nyingi zikiwa za kuongeza nguvu za kiume, zilizotiwa glibenklamidi kwa siri, na wanne wakafa. Dawa ya mitishamba ikishusha sukari kwa nguvu ndani ya siku moja au mbili, mimi hushuku kwanza kilichochanganywa ndani yake kabla ya kuusifu mmea.

Mama yangu hunywa uwatu. Hatujagombana kuhusu hilo, kwa sababu mbegu zake zina nyuzinyuzi nyingi zinazochelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu, hazijachukua nafasi ya dawa zake, na daktari wake anajua. Hilo la mwisho ndilo ninalowasisitizia wote wanaoniuliza. Mgonjwa anayetumia insulini, glibenklamidi au gliklazidi yuko katika hatari ya kushuka sukari kupita kiasi akiongeza mmea wenye nguvu, na daktari asiyejua hilo atatafuta sababu mahali pengine. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa figo au ini na wanaosubiri upasuaji wasianze dondoo lolote bila ushauri. Anayeamua kujaribu abadilishe kitu kimoja kwa wakati, aandike sukari yake ya kufunga na ya saa mbili baada ya kula, apime HbA1c kabla ya kuanza na miezi mitatu baadaye, na asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu anajisikia vizuri, kwa kuwa sukari inayoharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu mara nyingi haiumi. Na akianza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba au kuchanganyikiwa, anywe kitu chenye sukari mara moja na apime baada ya dakika 15. Hata akipata nafuu, aende kituo cha afya akiwa amebeba chupa au pakiti ya alichokunywa, ili wanaomhudumia wajue wanapambana na nini.